Kilo 308 za kwenda kulala Ushongo

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua duka, nilishusha vitu vyote vya safari kutoka kwenye gari, nikavipitisha kwenye mizani kimoja kimoja na kuandika daftarini. Nina duka la nafaka hapa Ngamiani, Tanga. Mizani yangu ni ile ya kupimia magunia. Imezoea mahindi na maharage ya kutoka Lushoto, siku hiyo ikapima hema, viti na jenereta. Chakula na maji nilikuwa nimevipima kabla hatujaondoka. Nilipojumlisha nikapata kilo 308. Hizo ndizo tulizobeba, watu watano, kwenda kulala siku tatu kwenye ufuko wa Ushongo, kusini ya mto Pangani, mwendo usiozidi kilomita 70 kutoka mlangoni kwangu.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu naona swali la vifaa ndilo linalowazuia watu wengi wa kwetu kutoka na gari na kulala nje. Wanaona picha za magari yenye hema juu ya paa, friji nyuma, taa pande zote, wanapiga hesabu ya bei, wanakata tamaa. Wengine hufanya kama tulivyofanya sisi: wanaazima huku, wanakodi kule, mpaka gari haliendi. Wote wawili wamekosea mahali pamoja. Wameanza na vifaa kabla ya kujiuliza wanakwenda wapi na huko kuna nini.

Gari lenyewe ni Toyota Noah ya viti vinane, la mdogo wangu anayekaa Dar es Salaam. Alikuja likizo ya Juni akiwa na wazo kichwani na nusu ya mizigo tayari ndani ya gari. Abiria tulikuwa mimi, mke wangu, yeye, mama yetu na binti yangu wa miaka 9. Tulikunja viti vya nyuma kabisa ili tupate pa kupakia, na kosa la kwanza lilianzia hapo. Nafasi ilionekana kubwa, tukaijaza. Gari la namna hii springi zake huchoka mapema sana, wakati wewe bado unaona pengo la kusukumia begi jingine.

Magari ya abiria yanayotoka Japani yana hesabu rahisi ambayo sikuijua mpaka tuliporudi. Uzito wa jumla unaoandikwa kwenye karatasi za gari ni uzito wa gari tupu ukiongeza kilo 55 kwa kila kiti. Viti vinane ni kilo 440, na humo wamo watu, maji, chakula, hema, kila kitu. Sisi watano peke yetu tulikuwa kilo 311. Zilibaki 129 za mizigo, sisi tukapakia 308.

Orodha ni hii, kama ilivyo daftarini. Hema la vyumba viwili la watu wanane, kilo 19. Kibanda cha kivuli chenye fremu ya chuma, 23. Meza ya kukunja na viti sita, 32, ingawa tulikuwa watano. Jenereta ndogo na petroli yake, 25. Friji ya gari, 19 ikiwa tupu. Jiko la mkaa pamoja na mkaa, 20, na bado tukaweka mtungi wa gesi wenye kichomeo chake, 13. Masanduku mawili ya vyombo, sahani za udongo zikiwemo, 27. Magodoro mawili ya sponji, 13. Nguo, mashuka, mablanketi, mikeka ya mama na vyandarua, 29. Spika ya muziki, 8. Chakula, 24. Maji, madumu mawili ya lita 20, 42. Zana, yaani jeki, spana, pampu ya upepo, panga, kamba, na turubai langu la dukani lililofunika mizigo ya juu, 14.

Juu ya keria tulipandisha kibanda, hema, meza na viti, magodoro, na jiko la mkaa na mkaa wake. Kilo 107. Keria nyingi za magari ya kiasi hiki huruhusiwa kati ya kilo 50 na 75, na uzito wa juu una ubaya wake wa peke yake, maana hulifanya gari liyumbe kwenye kona na kuchelewa kutulia.

Njiani

Barabara ya Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50. Tuliondoka saa sita mchana, baada ya saa nzima ya kufunga kamba. Kila tuta tulilopanda, chini kulisikika ekzosi ikigusa. Tulipopita Tongoni mama alimwambia mdogo wangu apunguze mwendo, na hakuwa anaendesha kwa kasi. Ni gari lilivyokuwa linapepesuka.

Kipimo kizuri zaidi tulikipata kwenye kivuko. Wakati huo daraja la Pangani lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo tulivuka mto kwa pantoni kwenda Bweni. Gari linapopanda pantoni abiria hushuka na kutembea. Yaani zaidi ya kilo 200 za watu zilikuwa zimeshuka, amebaki dereva peke yake, na bado bampa la nyuma lilikwaruza bamba la chuma mpaka watu wakageuka. Nililifikiria jambo hili baadaye. Watu hukaa katikati ya gari, kati ya ekseli mbili. Mizigo yetu karibu yote ilikuwa nyuma ya ekseli ya nyuma na juu ya paa. Kwa hiyo pamoja na wingi wa kilo, mahali zilipokaa nako kuliliumiza gari. Madumu ya maji, ambayo ndiyo mazito, yalipaswa kuwekwa chini sakafuni, mgongoni mwa viti vya kati. Sisi tuliyaweka mlangoni kabisa ili yawe karibu kuchukua.

Kutoka Bweni hadi Ushongo ni kama kilomita 15 za njia ya udongo katikati ya minazi. Tulifika kwenye njia ya kuingilia kiwanja cha kambi saa kumi na nusu. Zilibaki hatua mia mbili hivi za mchanga. Gari likaingia kama hatua thelathini, likazama.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo vifaa vinapopimwa kweli. Tairi zetu zilikuwa na upepo wa 36 PSI. Tulikuwa tumeziongeza Tanga kwa sababu ya mzigo, na kwa lami ilikuwa sawa. Mchangani ni kinyume: tairi ngumu huwa kama kisu, inakata na kuzama. Ukipunguza upepo mpaka 18 au 20, tairi hulala, sehemu inayogusa mchanga hurefuka, gari likaelea. Mdogo wangu alilijua hilo. Ila kipimo cha upepo hatukuwa nacho. Sepetu pia hatukuwa nayo. Tulikuwa na spika na jenereta, lakini hatukuwa na chombo cha kufukulia mchanga. Tulifukua kwa sahani, binti yangu akisaidia kwa mikono.

Vijana wa kijijini walikuja bila kuitwa. Mmoja aliangalia gari, akasema jambo moja tu: "Kaka, shusheni kwanza." Tukashusha kila kitu, mpaka vya juu ya keria. Wakaleta makuti makavu, wakayatandika mbele ya tairi mbili za nyuma, tukapunguza upepo kwa kubonyeza valvu kwa kijiti na kukisia kwa macho, kisha wakasukuma watu sita. Gari lilitoka mara ya pili. Kutoka kuzama hadi kufika kwenye mivinje ya kiwanja ilituchukua saa moja na nusu, na mizigo yote ikabaki nyuma kwenye mchanga, ikabidi tuibebe kwa mikono hatua mia mbili.

Jeki tuliijaribu kabla hawajafika. Jeki bila ubao chini yake, mchangani, hujizika yenyewe badala ya kunyanyua gari. Kipande cha ubao cha futi moja kwa futi moja kingetosha.

Ufukweni

Jua huzama mapema mwezi wa Juni, saa kumi na mbili na nusu giza linaingia. Tuliona chini ya mivinje kuna mizizi na miteremko, na mbele, karibu na bahari, mchanga tambarare na mgumu. Tukaupenda, tukaanza kupanga huko. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza ngalawa yake alituangalia kwa muda, kisha akaja. Tulimwamkia, akaitikia, akatuuliza kama tunajua mwezi una siku ngapi. Ulikuwa unakaribia kuwa mpevu. Maana yake bamvua, siku ambazo maji hujaa kuliko kawaida. Mchanga ule ulikuwa mgumu kwa sababu maji yalikuwa yameukanyaga mchana huohuo, na alfajiri, kwenye saa kumi, yangerudi. Alituonyesha mstari wa mwani mkavu na vifuu, juu sana kuliko tulipokuwa. Huo ndio mpaka wa maji, na kambi hukaa juu yake.

Mtu wa pwani kama mimi nilipaswa kulijua hilo. Nimekulia mjini, nyuma ya duka, na bahari ya kuitazama si sawa na bahari ya kulala nayo. Tukahamisha tena kila kitu. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa kilo zilezile kupita mikononi mwetu siku moja: kupakia Tanga, kubeba kutoka garini, na sasa kupandisha juu. Ukiwa nyumbani unapakia, kiti cha kilo tatu na nusu hakina uzito. Viti sita na meza, kwa mara ya tatu, saa moja usiku, mama amekaa kwenye mkeka hajapata hata chai, vina uzito ambao mizani haiuonyeshi.

Kisha upepo. Juni ni kusi, na kusi hauombi ruhusa. Kibanda cha kivuli kilisimama chini ya nusu saa. Ukakinyanyua pamoja na vigingi vyake, fremu ikapinda, tukakikunja na hatukukigusa tena. Hema la vyumba viwili lilikuwa refu na pana, ukuta mzima umeelekea baharini, likawa linapigwa kama tanga la jahazi. Nguzo moja ilichanika. Usiku ule mama, mke wangu na binti yangu walilala ndani ya gari, mimi na mdogo wangu tukalala nje kwa mikeka, vyandarua tumevifunga kwenye keria. Tulilala vizuri kuliko tulivyotarajia, na hilo lilikuwa dokezo ambalo sikulielewa hapohapo.

Msimamizi wa kiwanja alikuwa amekwisha kutuambia jenereta lisiwashwe, na taa kali zisielekezwe baharini. Kasa hupanda kutaga kwenye fukwe hizi. Kisiwa cha Maziwe kilichopo mbele ya Ushongo, ambacho ni hifadhi tangu 1975, kilikuwa mahali pao pakubwa pa kutagia. Leo kimebaki fungu la mchanga lisilo na mti, maji yakijaa linafunikwa lote. Mayai yaliyokuwa yakitagwa kule yamekuwa yakihamishiwa huku bara. Kasa jike akiona mwanga hurudi baharini bila kutaga, na vifaranga wakianguliwa huufuata mwanga wakidhani ndio bahari. Kwa sababu hiyohiyo usiingize gari kwenye ufuko wenyewe, maana kiota hakionekani. Kwa mwanga wa mwezi tuliona kila kitu, hata punje za wali kwenye sahani.

Asubuhi gari halikuwaka. Friji ilikuwa imechomekwa usiku kucha. Friji ya namna hii inapofanya kazi hula kama ampea 4, inapumzika, inarudia. Kwa saa kumi inaweza kunyonya ampea-saa 20. Betri yetu ni ya 45, si mpya, na milango ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa, taa za ndani zikiwaka, simu zikichajiwa. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Haikutengenezwa kunyonywa polepole mpaka asubuhi. Ukipita nusu yake unaiua na usishangae ikikataa. Wanaotumia friji hizi kwa usalama huweka betri ya pili. Ndani ya friji yetu mlikuwa na soda, nyanya, na nyama kilo mbili. Tulisubiri mpaka saa nne, mchuuzi wa samaki mwenye gari dogo la mizigo akapita na waya zake za kubusti. Sisi waya hatukuwa nazo.

Tulipokuwa tunasubiri, mama alinyanyuka. Hakusema kitu juu ya usiku uliopita. Alimwomba mdogo wangu afunge turubai la duka kwenye mivinje miwili, upande wa kusi liguse chini, upande wa pili liinuke, na hema lisimame nyuma yake kwa kamba fupi. Alipoona tunaelekea kwenye minazi kwa sababu kivuli chake kilikuwa kizuri aliturudisha, akanyoosha kidole juu. Mnazi wenye nazi hauwekwi kitu chini yake, si hema wala mtoto. Akaokota mawe matatu, akapanga mafiga, akawasha kwa vifuu na makuti. Alikwenda kijijini na binti yangu, akarudi na changu wawili, nazi tatu, ndimu, na mbuzi ya kukunia aliyoazimwa na mama mmoja. Ule ndio mlo wa kwanza tuliokula tukiwa tumekaa vizuri. Meza ilikuwa imeegemea mti, juu yake pana taulo.

Jioni ya Jumamosi kulikuwa na baridi ya upepo, na mdogo wangu akataka kuingiza jiko la mkaa hemani lipashe joto kabla ya kulala. Mama alikataa kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto. Ana haki. Hewa ya mkaa unaowaka mahali palipofungwa haina harufu, haina moshi wa kukuamsha, na huua watu wamelala. Hemani au ndani ya gari, jiko la mkaa halina mahali. Ukisikia baridi, vaa.

Hesabu ya Jumatatu

Nilichora alama tatu daftarini: kilichotumika kila siku, kilichotumika mara moja, na ambacho hakikuguswa. Nilipomaliza nikaona alama ya katikati haina maana kubwa, nikabaki na mbili.

Vilivyofanya kazi: maji, chakula, zana na turubai, magodoro, hema, gesi kwa chai ya asubuhi, viti viwili, sufuria mbili na vyombo vichache vya kilo 6, na nusu ya zile nguo na matandiko. Jumla kilo 153. Visivyofanya kazi: kibanda, jenereta, friji, spika, mkaa na jiko lake, meza na viti vinne, sahani za udongo na sufuria za ziada, nusu ya nguo. Jumla kilo 155.

Kisha nikaandika tulivyovikosa. Sepetu. Kipimo cha upepo. Ubao wa kuwekea jeki. Waya za kubusti. Nilivitafuta dukani na kwa jirani nikavipima pia. Havikufika kilo 5.

Safari yetu iliharibikiwa na kukosa vitu vya kilo tano tulipokuwa tumebeba kilo mia moja hamsini na tano za bure. Nimeliangalia jambo hili kwa pande nyingi na sababu ninayoiona ni kwamba vile vya bure vyote ni vitu vya nyumbani. Meza, viti, umeme, friji, muziki, vyombo vya wageni. Tulihamisha sebule. Vile tulivyovikosa ni vya njiani, na mtu aliyezoea lami havimjii kichwani.

Orodha aliyoifuata mdogo wangu pia haikutungwa kwa ajili yetu. Alitazama video za watu wa Australia na Namibia. Wale wana haki ya kubeba walivyobeba. Namibia kuna njia unazoweza kwenda kilomita 200 bila kituo cha mafuta, bila kijiji, bila mti wa kufungia kamba. Mtu wa pale asipobeba maji lita mia na tairi mbili za akiba anahatarisha maisha. Mwambao wa Tanga haukuumbwa hivyo. Kati ya Tanga na Mkwaja huwezi kwenda mbali bila kukuta mtu, genge, na mti. Kwa hiyo swali langu sasa, kwa kila kitu kinachotaka kupanda garini, ni kama kijiji nitakakokwenda kinaweza kuniuzia au kuniazima. Samaki, nazi, ndimu, kuni za kununua, mkaa wa kopo moja: vyote vipo, na kuvinunua pale ni heshima kwa wenyeji na pesa kwao. Maji safi ya kunywa hayapo kwa uhakika, maana visima vingi vya ufukweni vina chumvi, hayo nabeba. Tairi ya akiba ya saizi yangu haipo. Chandarua changu hakipo, na pwani hii ina malaria. Dawa za mama hazipo. Tochi nzuri haipo.

Kipimo hiki kinageuka na mahali. Ukitoka Mombo ukapanda kama kilomita 33 za kona mpaka Lushoto, unafika mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni au Julai mablanketi niliyoyahesabu kama ya bure ndiyo yatakayokuokoa. Mikeka mitupu haitoshi kule, ardhi inanyonya joto la mwili. Ukienda hifadhi ya Saadani, huwezi kutegemea kijiji kikuazime kitu, kuna tembo na simba, unalala palipotengwa, chakula unakifunga garini na huachi masalia nje. Kwa hiyo sitoi orodha ya watu wote. Natoa ya Ushongo, watu watano, siku tatu.

Hema la watu wanne, fupi, la wanawake na mtoto, kilo 7. Wanaume watalala garini viti vikiwa vimelazwa, madirisha yamefunguliwa kiasi na kufunikwa kwa chandarua kilichobanwa kwa sumaku. Turubai, kamba na vigingi virefu vya mchangani, 7. Mikeka mitatu na godoro moja la mama, 10. Vyandarua viwili, 1. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 3 na kichomeo chake, 8. Sufuria mbili, kikaango, sahani na vikombe vya bati, kisu, 8. Maji, madumu mawili, 42. Hapa sikupunguza hata lita moja, maana watu watano wakinywa lita 2 au 3 kila mmoja kwa siku, yanakwisha. Mchele, unga, chai, sukari, mafuta, viungo, 12. Deli ndogo yenye chupa za maji yaliyogandishwa, ambazo zikiyeyuka tunakunywa, 6. Nguo, mashuka na kanga, 16. Zana, safari hii pamoja na sepetu, kipimo, ubao na waya, 18.

Jumla 135. Bado kilo 6 juu ya zile 129, na nimejaribu kuzitoa nikashindwa bila kugusa maji au zana. Nimeamua hivi: mizito yote chini, katikati ya ekseli, juu ya keria mikeka na godoro tu. Tukifika kwenye mchanga, gari litasimama pagumu, tutapunguza upepo mpaka 20 kwa kipimo, na watu wote isipokuwa dereva watashuka na kutembea zile hatua mia mbili. Hizo ni kilo 230 na ushei zinazojibeba zenyewe. Kisha kabla ya kurudi barabarani tutajaza upepo, maana tairi laini ikikimbizwa hupata moto na kupasuka.

Mdogo wangu amerudisha vya watu na jenereta analitafutia mnunuzi. Hema dogo tumelipata kwa fundi wa maturubai hapa mjini, ambaye amelitengenezea pindo pana la kufukia mchanga ndani yake ili kusi isipite chini.

Juzi mama amekuja dukani na mbuzi yake ya kukunia nazi, ile ya miaka yote, akaiweka juu ya mizani mwenyewe bila kuniuliza. Ile ya kuazima ilikuwa butu, amesema. Kilo 2. Nimeiandika.